Kamba na hanesi za kupandia miti: niko Mtwara, nianze kununua kipi?

FundiMatawi

Wakuu heshima kwenu. Naomba wanaoijua kazi ya miti kwa undani wanisaidie kabla sijatoa hela.

Mi niko Mtwara mjini, kazi yangu kupunguza matawi na kuangusha miti kwenye makazi ya watu, miembe, miarobaini, mikungu, minazi ya uani. Tangu kimbunga Hidaya kipite Mei 2024 watu wameingiwa na hofu, mtu akisikia upepo usiku asubuhi anautazama mwembe ulivyolalia bati lake anapiga simu. Sasa nimepata kazi kubwa kuliko nilizozoea, kuna eneo huku Shangani karibu na bahari lina mivinje mirefu kama mita 20 hivi na miembe ya zamani, na mwenye eneo hataki mti hata mmoja ufe, anataka makavu yatoke, matawi yaliyoelekea kwenye paa yapunguzwe, kivuli kibaki.

Nilivyonavyo ni manila ya bluu ya hadwea milimita 12, katani ya kushushia magogo, hanesi (mikanda ya kujifunga mwilini) ya ujenzi ile yenye ringi mgongoni na chenso moja ndogo. Vijana wawili wa chini. Nimetenga milioni mbili na nusu ya vifaa na naweza kuongeza nikipata advansi.

Sasa kamba ipi hasa na unene gani? Hanesi ya ujenzi inatosha au lazima ile ya miti? Kuna jamaa yuko Moshi anauza kamba ya kupandia mlima, mtumba, mita 60 milimita 10, bei ya kutupa, nichukue? Na zile spaiki za kuvaa miguuni, vyuma vya ncha vya kuchoma shina ukipanda, vipi? Natanguliza shukrani.

KinyoziWaMiti

Mkuu hiyo ya Moshi achana nayo.

Kamba za mlima karibu zote ni za kuvutika na zimetengenezwa hivyo makusudi. Mpanda mlima akiteleza anaanguka mita kadhaa ndo kamba inamdaka, kwa hiyo inabidi ivutike imeze ule mshtuko asivunjike mgongo. Kiwango cha Ulaya cha kamba hizo, EN 892, kinaruhusu ivutike mpaka asilimia 40 kwenye anguko la kwanza. We kwenye mti unaning'inia kwenye kamba masaa, unapandia hiyohiyo, unataka ukae tulii pale ulipo na msumeno mkononi. Ukiwa na inayovutika kila ukijisukuma unadunda na nusu ya nguvu zako zinaishia kwenye kamba. Alafu ni mtumba, hujui imedaka watu mara ngapi, hujui ililala kwenye buti la gari pembeni ya betri. Asidi ya betri inakula nailoni na kwa macho huoni kitu, kamba inakuwa nzuri tu kuangalia mpaka siku unayoipa uzito.

Unayotafuta ni kamba isiyovutika sana, yenye lebo ya EN 1891 na herufi A. Hiyo haitakiwi kuvutika zaidi ya asilimia 5 uzito ukitoka kilo 50 kwenda kilo 150, na ikivutwa tupu bila fundo lazima ishike kilonyutoni 22, karibu tani mbili na robo. Usione ni nyingi, fundo peke yake linaweza kula theluthi ya hiyo nguvu, hapo bado kuchakaa, vumbi, na kusuguliwa na gome. Unene chukua kati ya milimita 11 na 13. Kwa mtu anayeanza na mwenye viganja vikubwa nashauri 12 au 13 maana inashikika na fundo la kujikaza, lile linalokaba kamba kuu ukilipa uzito, linauma vizuri, ile 10 inakupita mkononi. Urefu, kumbuka kamba inapanda, inapita juu ya tawi, inarudi chini, kwa hiyo mti wa mita 20 unakula 40 na fundo juu yake. Mita 45 ndo saizi ya kawaida madukani. Kama ile mivinje inazidi hapo nenda 60.

Manila ya bluu ni plastiki ya polipropilini. Inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 165, polyesta inasogea mpaka 250 na kitu. Ukishuka haraka fundo linasugua kamba na joto linapanda, jaribu kugusa fundo ukifika chini utaelewa nasema nini. Polipropilini pia haipatani na jua, ikianikwa miezi kwenye jua la kusini inaanza kutoa vumbi vumbi ukiisugua, hapo imeshakufa. Katani inaoza kwa ndani huku nje iko sawa. Zote mbili ziende kwenye kazi nyingine, mwili wa mtu hapana.

Hanesi nakuja kuandika baadae, niko saiti.

Mzee wa Feri

Mwanangu FundiMatawi, mi naheshimu anachosema huyo wa juu ila mnatisha vijana na mambo ya Ulaya. Sisi huku feri tuna kamba za boti za polyesta na nailoni, zinashika jahazi limejaa mzigo usiku kucha kwenye mawimbi ya kusi, itashindwa kumshika kijana wa kilo 70? Minazi imepandwa Mikindani na Sudi miaka yote bila hizo lebo. Mchagua nazi hupata koroma. Nunua amari nzuri mpya, milimita 14, fanya kazi.

KinyoziWaMiti

Mzee wangu shikamoo. Nguvu ya hizo kamba sibishi hata kidogo, tena nitamwambia azinunue, ila za kushushia magogo.

Tofauti iko kwenye kazi yenyewe. Kamba ya boti nyingi ni nyuzi tatu zilizosokotwa, ukimning'iniza mtu anazunguka, na fundo la kujikaza linapita kwenye vile vilima vya msokoto, mara linang'ang'ania mara linaachia. Kamba ya kupandia ina ala ya nje iliyosukwa mviringo na kiini ndani, fundo linateleza ukiliomba na linakaba ukiliachia. Alafu amari inakaa kwenye chumvi, mchanga na dizeli. Chembe ya mchanga ikiingia ndani ya nyuzi inakuwa kisu, kila ukikunja kamba inakata kidogo. Jahazi likikatika amari linaweza kuburuzika mpaka likaokolewa, mtu wa mita 18 hana hiyo nafasi.

Sasa hanesi. Ile ya ujenzi yenye ringi mgongoni kazi yake ni kukudaka ukishaanguka, basi. Ukining'inia nayo mikanda ya mapajani inabana, damu inatuama miguuni, na mtu aliyeachwa ananing'inia bila kusogeza miguu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Huwezi kufanya kazi ya kutwa ndani yake, na fundo lako la kupandia liko mbele wakati ringi iko nyuma. Hanesi ya miti inakukalisha. Mkanda mpana kiunoni, mapaja yamebebwa, mbele kuna kipande cha kamba kinaitwa daraja ambacho ringi inateleza kushoto na kulia ukijinyoosha kufuata tawi, na pembeni za kiuno kuna ringi mbili za kamba fupi ya kuzungusha kwenye shina. Lebo angalia EN 813 na EN 358, zote mbili ziwepo. Hilo daraja ndo linachakaa wa kwanza, kwenye hanesi nyingi linabadilishwa, uliza spea yake kabla hujanunua.

BintiChikundi

Naongezea kwa upande wa huku kwetu Masasi, sisi kazi kubwa ni mikorosho. Kaka FundiMatawi ukiitwa huku usije na mawazo ya kuning'inia kwenye mkorosho kama mvinje. Mkorosho unatanuka, haurefuki kivile, na tawi lake linakatika ghafla bila kulia, mwembe angalau unakupa mlio. Tunapogolea baada ya msimu kwa msumeno wa mti mrefu ukiwa chini au kwenye ngazi ya miguu mitatu, kamba tunatumia kuzuia tawi lisichane shina linapoanguka.

Na kabla ya kufunga kamba kwenye tawi lolote la mti wowote, litesti. Tupia kamba, watu wawili waishike upande huu na huu waninginie kwa pamoja kwa kudundadunda wakiwa chini, wakati unaangalia juu. Likilia au likitoa vumbi la mchwa tafuta lingine. Usiamini mbuyu kwa sababu ya unene, mti wake ni laini umejaa maji, tawi linaweza kuwa na shimo ndani.

Jambo lingine hamjalitaja, maji moto. Wale sisimizi wekundu wa kwenye miembe na mikorosho wanashona majani. Ukiwa juu huwezi kukimbia na ukianza kujipiga mikono unaachia kamba. Angalia viota ukiwa chini, panda asubuhi mapema kuna baridi, shati la mikono mirefu uchomekee na glavu. Usiwapulizie dawa lakini, wanakula mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi, mwenye shamba atakuchukia. Nyuki ndo zaidi, ukiona wanaingia na kutoka kwenye shimo la shina, siku hiyo hamna kupanda.

Mkwezi_Mikindani

Hilo la spaiki nijibu mi maana nakwea minazi tangu mdogo.

Kwenye mti unaoishi usivae. Mwembe ukiuchoma unatoa utomvu unafunika kidonda taratibu, ila kila tundu ni mlango wa kuvu na wadudu. Mnazi ndo hauponi kabisa, shina la mnazi halina ile tabaka ya chini ya gome inayotengeneza ngozi mpya, ndo maana zile hatua walizokata babu zetu kwenye minazi ya Mikindani mpaka leo ziko vilevile zimebaki mashimo. Spaiki vaa kwenye mti unaouangusha tu.

Na kwa mnazi kamba fupi ya kuzungusha shina ikizunguka tu bila kukaba haikusaidii, miguu ikiteleza utashuka nayo mpaka chini inakuchuna kifua. Ifunge namna ambayo ukiipa uzito inakaba shina. Uwe na mbili ili ukifika kwenye makuti makavu au vichwa vya madafu unahamisha moja huku nyingine imeshika.

FundiMatawi

Aisee asanteni sana, shikamoo Mzee wa Feri, dada Chikundi nimekupata. Ya Moshi nimeshamwambia sichukui.

Yamebaki mawili. Bajeti yangu ukiangalia bei za nje haitoshi vyote, nitangulize nini? Na kuna mvinje mmoja matawi yake yamegusana na waya za barabarani, zile za juu kabisa nyaya tatu. Nimezoea kukata na msumeno wa mti mrefu nikiwa kwenye ngazi, nikiwa kwenye kamba ni salama zaidi si ndiyo?

Laini33

Hapana. Ndugu yangu nisikilize vizuri hapa. Nyaya tatu za juu hizo ni msongo wa kati, kilovolti 11 au 33. Huo umeme hausubiri uguse waya, unaruka hewani ukikaribia, na mti mbichi unapitisha. Kamba ikiwa na jasho, unyevu wa asubuhi au chumvi ya bahari nayo inapitisha, kwa hiyo kuwa kwenye kamba hakujakutenga na ardhi. Tawi likigusa laini ukiwa umekumbatia shina, na kijana wako wa chini ameshika kamba, mnaenda wote.

Nenda ofisi ya TANESCO, andika barua, eleza mti ulipo na namba ya nguzo iliyo karibu, wao ndo wana utaratibu wa kuzima laini na kuweka athi kabla mtu hajapanda. Usikubali kuambiwa kwa mdomo umezimwa na mtu asiye wao. Huo mvinje mmoja uache wa mwisho, mwambie mwenye eneo unasubiri, akikulazimisha mwachie kazi yake.

KinyoziWaMiti

Laini33 amemaliza, sina la kuongeza hapo.

Kwenye bajeti. Hanesi nyingi za miti huko Ulaya zinacheza euro 300 mpaka 500, kamba ya mita 45 jiandae na euro 150 hivi kwenda juu, bado usafiri na ushuru, kwa hiyo milioni mbili na nusu itaisha kwenye vitu vichache na ni sawa. Hivyo vichache ndo vinavyobeba mwili, hela iende huko. Hanesi, kamba ya kupandia, kamba fupi ya kiunoni, karabina tatu au nne (zile pete za chuma zenye mlango, za kuunganisha kamba na hanesi), kofia yenye mkanda wa kidevuni maana ya ujenzi isiyo na mkanda inadondoka ukiinama. Chenso unayo, ya bei mbaya usinunue mwaka huu. Kapi na kamba ya magogo ndo pale kwa Mzee wa Feri, nunua polyesta mpya milimita 14 au 16, izungushe kwenye shina la chini mara mbili tatu kijana aiachie kidogokidogo, msuguano wa shina ndo unaobeba, mikono yake inaongoza tu. Na gogo usiliache lidondoke mita moja ndo kamba ilidake, lile pigo ni mara kadhaa ya uzito wake. Kamba iwe imeshakaza kabla hujamaliza kukata. Hii ikishawahi kubeba gogo isije ikabeba mtu tena, nunua rangi tofauti kabisa hata kijana mgeni asichanganye.

Karabina chukua zile zinazojifunga zenyewe na kufunguka kwa vitendo vitatu, kusukuma, kuzungusha, kufungua. Zile za kufunga kwa kuzungusha skurubu kwa mkono, tawi au kamba ikisugua inaweza kuifungua we hujui. Ubavuni iandikwe kN, yaani kilonyutoni, iwe 22 kwenda juu kwa urefu, na utaona namba ndogo kama 7 kwa upande wa mlango, maana yake ikikaa kiupande haina nguvu. Isiyo na maandishi hayo, hata iwe inang'aa vipi, ni ya kuning'inizia chupa ya maji. Mtandaoni feki ni nyingi, nunua kwa wakala anayekupa kile kikaratasi chenye namba inayofanana na iliyogongwa kwenye chuma.

Fundo, anza na Prusik au Blake ukiwa nusu mita kutoka ardhini, siku nzima, mpaka mikono ijue yenyewe. La Prusik lilipewa jina la Mwaustria Karl Prusik aliyelieleza mwaka 1931, limekaa muda wote huo kwa sababu linafanya kazi. Kikamba chake kiwe chembamba kuliko kamba kuu, milimita 8 mpaka 10, na ukipata chenye nyuzi za aramidi bora zaidi maana hazisikii joto kirahisi.

Chenso ikiwaka juu, uwe umefungwa sehemu mbili, kamba kuu na kamba fupi, kila wakati, hata kwa tawi la dakika moja. Kamba fupi yenye waya ndani inasaidia msumeno wa mkono ukiponyoka, mnyororo wa chenso unaweza kukata hata hiyo, ndo maana ya mbili.

FundiMatawi

Nimeelewa sana mkuu. Na matunzo? Huku chumvi ni nyingi, karabina za kawaida zinaota ukungu mweupe ndani ya mwezi.

KinyoziWaMiti

Maji baridi ya bomba na sabuni ya kipande kidogo, suuza, anika kivulini. Usitie bulichi wala sabuni ya unga kali. Karabina zioshe hivyohivyo, chezesha mlango, tone la mafuta kwenye springi, ukifunguka kivivu au usiporudi wenyewe itoe kazini. Kamba ikae kwenye mfuko, isilale chini kwenye mchanga wala kwenye keria ya bodaboda juani.

Kila asubuhi ipitishe yote mkononi bila glavu, mwanzo mpaka mwisho. Vidole ndo vinaona. Unatafuta sehemu laini kama haina kitu ndani, sehemu nene kuliko kwingine, au sehemu ngumu inayoteleza kama kioo, hiyo imeungua na fundo. Alafu kila hatua moja ikunje kama herufi U, kamba ambayo haijaharibika inapinda kiduara, ikivunjika kona ya ghafla kiini kimekufa hapo. Ikiwa karibu na ncha kata hicho kipande, ikiwa katikati igeuze iwe ya kufungia matawi kwenye gari. Andika tarehe ya kwanza kuitumia kwenye utepe mweupe ncha zote mbili. Uingereza vifaa vya kubebea mtu vinakaguliwa kila miezi 6 na mtu anayejua, we panga hivyohivyo, na watengenezaji wengi hawakubali kitu cha nyuzi kizidi miaka 10 hata kama hakijatumika.

La mwisho ni wale vijana wawili. Mmoja wao lazima ajue kupanda na awe na hanesi yake, hata ile ya pili uinunue kazi ijayo, ila kabla ya hapo usipande mvinje wa mita 20 peke yako. Ukizimia juu pale zimamoto hawajui fundo lako linafunguliwaje. OSHA, wale wa serikali wa usalama kazini, wakija saiti au ukiomba tenda ya taasisi watauliza hilohilo, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003, iko wazi kwamba vifaa vya kinga ni jukumu la mwajiri, na kwa hao vijana mwajiri ni wewe.

BintiChikundi

Hilo la kijana wa pili mliweke juu kabisa ya uzi. Kaka ukimpata wa kumfundisha nijulishe, huku kwetu kuna vijana wawili wangekuja kujifunza pamoja na wako, nauli watajilipia.

FundiMatawi

Waje dada. Hanesi mbili basi, chenso mpya haipo. Kazi ya Shangani nimeisogeza mbele mpaka mzigo ufike, mwenye eneo amekubali, na barua ya TANESCO napeleka kesho.

KinyoziWaMiti

Safi. Kamba ikifika tupia picha ya lebo hapa kabla hujaikata hata sentimita, wakikosea oda bado utaweza kurudisha.